Baiskeli Isiyo na Mgongo

Nilipoamua kwenda kupumzika juma zima milimani kwa baba mkwe wangu, nilitumia siku tatu kuchagua baiskeli ya kukodi. Wenzangu wa sokoni hapa Baraka, mji wetu wa ufukweni, walicheka. Walisema kuna watu waliochagua mke kwa muda mfupi kuliko huo, na ndoa zao zimesimama. Mimi niliwaacha wacheke. Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani, na kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilifungua mashine moja na kuifunga tena mpaka nikaijua, huku vijitabu vya Kifaransa na kamusi vikiwa magotini. Shule niliiachia darasa la tano, vita vilipotuvusha ziwa. Mtu aliyejifunza kwa njia hiyo haamini kitu kabla hajakipima.

Lazima nieleze kwanza kwa nini baiskeli, maana pikipiki za kutoka Baraka kwenda Fizi ni nyingi. Kijiji cha baba mkwe kiko mbele ya Fizi, juu zaidi, mahali ambapo asubuhi mtu anatoka nje na koti. Safari mbili zilizotangulia nilikwenda kwa pikipiki. Sasa, pikipiki ina mwenyewe, na mwenyewe ana wateja wengine wanaomngoja. Safari ya kwanza alinisubiri mpaka nikamaliza kula. Safari ya pili alianza kupiga honi nikiwa bado nanawa mikono. Niliondoka. Mke wangu, aliyebaki kule siku chache, ndiye aliyeniletea maneno ya baba yake.

"Amesema hivi: 'Mukwe yangu anakujaka kama muntu wa kuhesabu bantu. Anasimama, anaangalia, anaenda.'"

Tangu siku ile mlima ulinyamaza. Zamani kila mtu aliyeshuka kutoka kule alituletea kitu: maharagwe, viazi, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu. Mzee hakuwa na desturi ya kuuliza kama tunahitaji. Baada ya honi ile hakikushuka kitu. Sisi tulipandisha chumvi na sabuni. Vilipokewa, na shukrani zilirudi kwa mdomo wa aliyevipeleka, basi. Hali hiyo ilidumu miaka miwili. Mke wangu hakulalamika, lakini kila mtu wa kwao alipopita sokoni, nilimwona anamtazama mikononi kabla ya kumtazama usoni.

Ndiyo maana safari hii alitaka jambo moja tu: baba yake aone kwamba mume wake amekuja kukaa, ili njia ile ifunguke tena. Alitangulia siku mbili mbele yangu kwa pikipiki, pamoja na nguo zetu na zawadi zote. Wazo la baiskeli lilikuwa langu. Baiskeli ya kukodi haina mtu wa kupiga honi. Inaegemea ukuta juma zima, na kila anayepita anaiona na kujua kwamba mgeni bado yupo.

Mwenye kukodisha baiskeli ana kibanda nyuma ya soko. Ni mtu mnene mwenye sauti ndogo, na hana haraka hata kidogo. Siku zile alikuwa na baiskeli tatu zilizobaki.

Ya kwanza ilikuwa nzito, ya wale wanaopandisha samaki wadogo wa ndagala na chumvi. Fremu yake ilikuwa imeongezewa nondo za kujengea, na keria yake, yaani kile kitako cha nyuma cha kuwekea mizigo, ilikuwa pana kama mlango wa banda la mbuzi. Ilinuka samaki mpaka kwenye pedeli. Ya pili ilikuwa ya kike, ile ambayo chuma chake cha kati kimeinama, na ilikuwa na kikapu mbele. Ilitoka Swima, na mnyororo wake ulikuwa umelegea kama shanga. Ya tatu ilikuwa nyepesi, yenye matairi mapana ya meno na gia kumi na nane. Iliachwa na mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi upande wa Lusenda, mkataba wake ulipoisha.

Niliandika maswali kumi na manne kwenye daftari, nikajibu yote kwa kila baiskeli. Nilizungusha magurudumu na kushikilia kijiti cha kibiriti karibu na rimu, nione kama inayumba. Nilihesabu spoki, nikazigonga moja moja kwa kucha na kusikiliza, maana spoki iliyolegea ina sauti ya uvivu. Baiskeli zenyewe nilizipeleka kwenye mizani ya muuza unga jirani: ile ya samaki ilikuwa na kilo thelathini na moja, ile nyepesi kilo kumi na nne. Nilipanda kila moja kwenye kile kimlima kifupi kinachotoka ufukweni. Niliangalia mpira wa breki umebaki unene gani. Swali la nane, kwa mfano, lilikuwa: je, mtu mmoja anaweza kuibeba begani na kuvuka nayo mto? Ile nyepesi ilishinda maswali kumi na mawili kati ya kumi na manne.

"Unaenda na mizigo, papa?" mwenye baiskeli aliniuliza siku ya tatu, aliponiona nafunga daftari.

"Apana. Bintu byote bilitangulia na mama ya batoto, kwa piki."

"Na kurudi?"

"Kurudi ni kushuka tu. Sitaki kintu kizito."

Alinitazama kidogo. "Unaenda kwa bakwe, na unasema utarudi mwepesi?"

"Nasema kinga njo iwe nyepesi."

"Bon," alisema, akanikabidhi ile nyepesi. Kinga ndilo jina la baiskeli kwetu, na njo ndiyo ndiyo yetu. "We njo unaandikaka. Mi nakodishaka tu."

Nilifikiri anataka niichukue ile ya samaki kwa sababu haikuwa na mteja.

Niliondoka kabla jua halijapanda. Sehemu ya tambarare niliipita kwa furaha ambayo sikuitegemea. Nina miaka hamsini na miwili, na tangu tulipokuwa ng'ambo, upande wa Kigoma, ambako nilikuwa nikiendesha baiskeli ya mtu kupeleka maji, sikuwahi kukaa juu ya kiti cha baiskeli kwa zaidi ya nusu saa. Mwili ulikumbuka. Upepo wa ziwa ulikuwa mgongoni, mashamba ya muhogo pande zote, na gia zilibadilika kwa mlio mdogo safi kama wa cherehani iliyotiwa mafuta. Nilijisifu moyoni kwa uchaguzi wangu.

Palipokuwa na kizuizi cha barabarani, askari mmoja kijana aliizunguka baiskeli na kuinama kuangalia vile vigurudumu vya meno vya gia.

"Hizi vitesi zote unatumiaka, papa?"

"Natumia mbili."

"Na zile zingine?"

"Ziko kongé. Na zenyewe zinapumuzika."

Alicheka, akainua kamba nikapita.

Baadaye mlima ulianza, na hapo nilijifunza jambo ambalo halikuwa kwenye daftari. Gia kumi na nane hazisaidii kitu kwenye mawe yaliyolegea. Nilishuka na kusukuma, kama kila mtu anavyosukuma. Tofauti ni kwamba mimi nilisukuma kilo kumi na nne, wakati mbele yangu walikuwa wanaume wawili na baiskeli moja iliyobeba magunia matatu ya chumvi, mmoja akishika usukani, mwingine akisukuma kwa kichwa na mikono kutoka nyuma. Kila baada ya hatua hamsini waliegemeza baiskeli kwenye kijiti chenye panda na kupumua. Niliwafikia, nikawasalimu, nikawapita. Sikuwa nimezoea kumpita mtu mlimani.

"Papa," aliyekuwa nyuma aliniita, "mizigo yako ilianguka. Rudi uitafute."

"Sikubeba mizigo."

"Basi portibagaji njo ilianguka. Ngoja tukusaidie kuitafuta."

Mwenzake alicheka mpaka kijiti kikateleza, na wakaanza kulaumiana. Portibagaji kwetu ndiyo keria, na baiskeli yangu haikuwa nayo. Niliendelea kupanda. Niliona ni utani wa watu waliochoka kwa mtu ambaye hajachoka.

Nilifika alasiri. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka juu ya migomba, na harufu ya moshi ilikuwa nzito. Mke wangu alitoka jikoni akinikimbilia, mikono imejaa unga. Akanisalimu, akacheka, akaangalia nyuma yangu kwenye baiskeli, akaacha kucheka. Kabla sijamwuliza, baba yake alitoka.

Baba mkwe ni mtu mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Ni mjane. Maisha yake yote amechonga mipini ya majembe, na kutengeneza vipoyi, zile machela za miti ambazo wanne wanabeba begani kumteremsha mgonjwa mpaka hospitali. Alinipa mkono, akaniuliza habari za watoto, habari za Baraka, habari za njia. Nilijibu zote. Nikamwambia nimekuja kukaa juma zima, na baiskeli ni ya juma zima. Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Kisha akaizunguka baiskeli polepole, akaweka kiganja chake kikubwa hewani juu ya tairi la nyuma, mahali ambapo keria ingekuwa.

"Kinga muzuri," alisema. "Lakini haina mugongo."

"Iko nyepesi, papa. Njo inapanda muzuri."

"Ee. Iko kinga ya muntu ameshakula kwake."

Akaingia ndani. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

Mke wangu alinieleza tukiwa jikoni, akisonga ugali kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Alisema kwamba tangu alfajiri ya siku ile baba yake alikuwa ameshusha maharagwe kutoka darini na kuyaanika tena, ingawa yalikuwa makavu. Alikuwa amechagua jike la kuku. Hakusema ni vya nani, na hakuna aliyeuliza. Katika nyumba ile, mgeni akifika, watu wanatazama kwanza atabebea wapi. Mwenye kuja na kikapu kitupu amekuja kwa upendo. Mwenye kuja bila mahali pa kubebea amesema tayari kwamba hataki kitu.

"Baba batoto," alisema, "miaka mbili nangoja papa afungue mukono. Amefungua leo, na we umeleta kinga yenye kusema hapana."

"Sikujua."

"Ulijua. Ulizaliwa wapi? Ulisahau tu, sababu ulikuwa unapima."

Hilo lilikuwa kweli. Nilichukua daftari nikayasoma maswali kumi na manne karibu na moto. Karibu yote yalihusu kupanda. Kurudi kulikuwa na swali moja tu, la breki. Nilikuwa nimepima baiskeli tatu mpaka kwenye spoki, na ile pekee niliyoikataa kwa sababu ya keria pana ndiyo ingeniingiza kwenye uwanja ule vizuri. Mtu asiyejua kusoma angeichagua kwa dakika moja.

Nilisema ninaweza kufunga gunia mgongoni mwangu. Mke wangu alitikisa kichwa. Baba yake hatampa mtu mzigo wa kubeba mgongoni kama mtumwa, na hatamwomba mtu apokee. Nilisema tunaweza kuita pikipiki ije kuchukua. Aliniangalia tu, na mimi nikakumbuka honi.

Asubuhi nilimkuta mzee nyuma ya nyumba, anaparua mpini kwa kipande cha chupa. Nilisimama mpaka akainua macho.

"Papa, naomba miti."

"Ya kufanya nini?"

"Portibagaji."

Aliendelea kuparua. "Utabeba nini?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Kwao mgeni hatamki zawadi ambayo hajapewa. Ni kama kuingiza mkono kwenye chungu cha mtu. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema mambo mabaya zaidi kupitia baiskeli yangu.

"Ile mutanipatia," nilisema.

"Na kama sikupatie kintu?"

"Nitashuka na portibagaji."

Chupa ilisimama. Alitazama mpini, akautazama kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa jicho moja, kama anatafuta ulipopinda. Kisha akasema, bila kunitazama, "Miti iko nyuma ya choo. Usichukue mikaratusi. Inapasukaka."

Kwa hiyo siku ya kwanza ya mapumziko yangu niliitumia kuchora. Mzee alipita mara kadhaa kutazama mchoro, kila mara akiwa na shughuli nyingine mkononi. Nilipima kutoka ekseli mpaka juu ya tairi, nikaongeza upana wa vidole vitatu ili mzigo usiguse. Nilikata miguu miwili ya mti mgumu, nikatoboa kila mmoja kwa chuma cha moto ili iingie kwenye nati za ekseli. Juu niliweka miti miwili ya kulala, iliyofungwa mbele kwenye bomba la kiti, na katikati vipande vya mwanzi. Ilipofika jioni keria ilikuwa imesimama, imenyooka kwa pima maji niliyoitengeneza kwa chupa ndogo ya dawa. Nilipendezwa nayo sana.

"Iko chini sana," baba mkwe alisema.

"Iko vidole tatu juu ya tairi, papa. Nilipima."

"Ulipima ikiwa na nani?"

"Na nani?"

"Kipoyi hatupimake bila mugonjwa." Akaniashiria nipande. Nilipanda, nikaweka mguu mmoja chini. Akashika bega langu, na kabla sijajua anataka nini, akajipandisha juu ya keria na kukaa, miguu upande mmoja kama mama anayekwenda sokoni. Tairi lilibonyea, mwanzi ukapinda, na nikasikia mpira unasugua mti.

"Umesikia?" alisema nyuma yangu. "Mi niko mugonjwa. Sasa pima."

Nilipima akiwa amekaa. Vilikuwa vimebaki vidole sifuri. Mke wangu alisimama mlangoni na sinia mkononi, ameziba mdomo kwa kitenge.

Siku ya pili tulitengeneza upya, wote wawili. Sikubaliani na mtu atakayesema kwamba mzee alijua yote na mimi sikujua kitu. Yeye alitaka kupima kwa shibiri, na shibiri yake ya asubuhi haikuwa sawa na ya jioni, kwa hiyo mguu wa kushoto ulitoka mrefu kuliko wa kulia, na keria yake ya kwanza ilielekea barabarani kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Nilimwonyesha pima maji. Alisema chupa imelewa. Nikaigeuza upande wa pili, ikasema vilevile. Akaitazama kwa muda mrefu, akauchukua mguu wa kushoto na kuukata. Baada ya hapo kila alipomaliza kitu alinyoosha mkono nyuma kuomba ile chupa.

Nilipotaka kupiga misumari, alinizuia.

"Kinga iko ya nani?"

"Ya kukodi."

"Basi funga na mipira. Kinga iko ya kukodi. Portibagaji haiko ya kukodi."

Alitoa mpira wa ndani wa gurudumu la zamani, akaukata kuwa utepe mrefu, upana sawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa kisu, bila kuchora mstari. Mimi nakata vitambaa vya kujaribia mashine mbele ya mafundi wa nguo kila juma na siwezi kukata hivyo. Alinifundisha namna ya kufunga: unavuta mpaka mpira unakuwa mweupe kidogo, unazungusha, unaachia, nao unajibana wenyewe. Nilifunga vibaya mara nne. Mara ya tano alihamia mguu wa pili, nikajua ni sawa.

Jirani mmoja, mwanamke wa umri wake, alisimama na kuni kichwani kutuangalia.

"Muzee, sasa unajifunza kinga? Umengoja meno iishe?"

"Najifunza kubebwa," alimjibu. "Kuendesha niliacha kwa bakwe."

Na ni kweli alibebwa. Ili kujaribu keria, nilimzungusha uwanjani, kisha akasema uwanja ni mdogo, tukatoka njiani. Nilimpeleka mpaka shuleni na kumrudisha. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Njiani alisalimu kila mtu kwa jina la ukoo, kwa sauti ya mtu aliye mahali pa juu, na kila mtu aliyesalimiwa alilazimika kuuliza ni nani huyo anayeendesha. "Mukwe yangu," alijibu. "Iko hapa juma nzima." Alilisema hilo mara sita au saba. Mara ya mwisho alimwambia mtu ambaye hakuwa ameuliza.

Siku zilizobaki zilikuwa za mapumziko ya kweli, na kama kawaida ya mapumziko, nina machache ya kuyasimulia. Nililala mchana. Nilikunywa maziwa ya wafugaji wa juu, mazito mpaka kijiko kinasita. Nilinoa mapanga ya nyumba ile na ya nyumba mbili za jirani. Jioni tulikaa ndani kwa sababu ya baridi, na mzee alinieleza vipoyi alivyotengeneza na nani alibebwa kwa kila kimoja, nani alirudi kwa miguu yake na nani hakurudi. Niliona kwamba yeye pia ana daftari, ila hajaliandika.

Siku ya kuondoka alikuwa ameamka kabla yetu. Mizigo ilikuwa imepangwa ukutani kwa utaratibu: gunia dogo la maharagwe, viazi, unga wa muhogo, mkungu wa ndizi za kuiva, na kuku katika kikapu chenye mfuniko. Alipakia mwenyewe. Kila mzigo aliuinua kwanza kwa mkono mmoja na kufumba macho, kisha akauweka, kizito chini na karibu na kiti, chepesi juu na nyuma. Alifunga kwa utepe ule wa mpira, akavuta mpaka ukawa mweupe. Nilijaribu kukadiria kilo, nikaacha.

Nilimwambia wasiwasi wangu kuhusu breki. Ile baiskeli ilitengenezwa kwa mtu mmoja bila mizigo, na mpira wa breki ulikuwa mwembamba. Hilo lilikuwemo kwenye daftari. Hakubisha. Alikwenda nyuma ya choo akarudi na tawi kubwa lenye majani, akalifunga nyuma kwa kamba ili liburute chini na kuivuta baiskeli.

"Usipande juu yake mpaka kwa tambarare," alisema. "Hii haiko kinga sasa. Iko ng'ombe. Ng'ombe unatembezaka."

Tukashuka kwa miguu, mimi nikishika usukani na mke wangu akishika mkia wa kamba nyuma, kwa ajili ya mahali pa mteremko mkali. Mzee alitusindikiza. Kwao kuna kijito karibu na nyumba, na pale ndipo wageni wengi huagwa. Tulivuka kijito, naye akavuka. Tulifika kwenye mikaratusi ya mwisho wa kijiji, akaendelea, mikono nyuma, akitazama keria inavyotembea. Mahali palipokuwa na jiwe alisema "kushoto," nami nikaenda kushoto. Nilisikia hatua za mke wangu nyuma yangu zimekuwa nyepesi.

Alisimama mahali ambapo njia inapinda na mtu anaona ziwa kwa mara ya kwanza, mbali chini, la rangi ya bati. Alipapasa mafundo yote, moja moja. Akamshika binti yake kichwani. Mimi akanipa mkono.

"Kama mwezi wa mihindi mtakuwa na nafasi," alisema.

"Tutakuwa nayo, papa."

"Bon."

Tulifika Fizi mchana, tukalala kwa watu wa ukoo, na kesho yake mke wangu akachukua pikipiki. Mimi niliendesha polepole kwenye tambarare, na kuku alilalamika kila gurudumu lilipoingia shimoni. Wale wa kizuizi hawakuuliza habari za gia. Waliangalia mzigo, wakauliza nimetoka kwa nani, nikawajibu.

Nyumbani mke wangu alikuwa amekwisha kufagia mbele ya mlango na kutandika mkeka. Hakupumzika. Alifungua gunia la maharagwe, akaanza kupima kwa bakuli: bakuli moja kwa jirani wa kulia, moja kwa wa kushoto, moja kwa mama anayeuza mkaa mbele yetu. Nilimwuliza tutabaki na nini. Alisema kitakachobaki kitatosha. Niliinama nyuma ya nyumba kufungua mipira, kwa kuwa baiskeli ilitakiwa kibandani kabla ya giza, na kutoka pale nikasikia sauti ya mama wa mkaa.

"Maharagi muzuri hii. Ulinunua wapi?"

"Sikununua," mke wangu alisema. "Ilitoka kwetu."

"Kwenu? Siku mingi sijaona kintu ya kwenu."

"Ee. Papa alimupatia bwana yangu. Alibeba na kinga, toka kule juu."

"Na kinga? Yeye, na ile magoti yake ya uzee?"

"Yeye."

Kisha nikasikia bakuli linachota tena.